Nyama ya Shingo kwa Mama Mkwe

Tabora, Jumapili jioni

Bado sielewi. Tangu niolewe, mama mkwe hajagusa chakula changu, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki na mimi ni Mmoraviani wa Sikonge.

Leo nilipata nyama ya shingo tu, ngumu, ya bei nafuu. Niliioka polepole tangu asubuhi pamoja na karoti, viazi na vitunguu, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, kama nilivyofunzwa misheni. Ikalainika.

Mama akala. Akaongeza. Kisha akasema, "Kesho nenda kwenu."

Nikauliza, "Nimekosa nini, mama?"

"Mpelekee mama yako hiyo iliyobaki. Mwambie nimekula."

Mume wangu anacheka, eti nimesifiwa. Mbona basi mama hakuniangalia?

Nyama nimeshaifunga. Nguo sijui nifunge ngapi.