Ndege za Kuuza Maji

S.L.P. 614,
9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Kifua kimepoa? Na wifi, ameizoea baridi ya huko? Sisi huku wazima wa mwili. Moyo ndio haujakaa sawa. Tangu nihamie kwa Baba, kila nikipika chai nateremsha vikombe vitatu, kisha narudisha kimoja kabatini.

Umeuliza uje na ndege ipi: zile za bei rahisi, au shirika kubwa, viti vya nyuma. Nitakujibu kwa yaliyonipata nilipokuja kumzika Mama.

Nilinunua tiketi mbili za rahisi, nikaziunganisha mwenyewe. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka bila mimi. Mhudumu huyu akanisukumia kwa yule, yule akanirudisha kwa huyu. "Dada, hizo ni kampuni mbili, sisi hatuhusiki." Nikalala sakafuni, begi kifuani. Nilipofika, udongo wa kaburi ulishaanza kukauka.

Kwenda kufunga nyumba yangu ya ugenini na kurudi kwa Baba, nilipanda shirika kubwa. Usidanganyike, kiti ni kilekile, magoti yanagusa cha mbele. Lakini tiketi ni moja mpaka mwisho. Ukikwama, kukufikisha ni juu yao. Na mhudumu aliponiuliza, "Mama, chai?" machozi yakanitoka.

Zile za bei rahisi Baba anaziita ndege za kuuza maji. "Mwambie, mtu anayekuuzia maji ukiwa angani, ukikwama atakujali?" Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa lililo zito. Jicho lake moja limeshazimika. La pili watalipasua mwanzoni mwa mwezi ujao, na daktari hakutuahidi kitu. Anataka akuone kabla ya hapo. Ndiyo maana nasema, ongeza kidogo, uje na ndege ya kukufikisha. Mimi nilimkosa Mama. Wewe usimkose Baba naye yu hai.

Jana aliisogeza picha yako dirishani mpaka ikamgusa pua. Akauliza, "Bado anafanana na mama yake?"

Nikamwambia, "Baba, subiri ujionee mwenyewe."

Usinifanye mwongo.

Shangazi anakusalimu, na binamu yako kinyozi anasema kichwa chako anakingoja. Mnibusie mtoto. Mungu akushike mkono huko angani kama anavyokushika ardhini.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye na kukungoja mlangoni.