Wake Watatu, Simu Moja

Alhamisi, Kosele. Mvua imetupiga tangu asubuhi, viatu vyangu vimejaa matope, na bado nacheka peke yangu.

Wacha nikiri kabla sijaringa. Jana nilijiona fundi. Duka letu la vifaranga limenunua mfumo mpya wa kompyuta, na kazi yangu ni kuhamishia humo majina na oda za wateja kutoka kwa faili za zamani. Majina yenyewe ni vurugu. Mtu mmoja ameandikwa Mama Otieno hapa, na pale jina la kitambulisho. Basi nikaamuru mfumo uunganishe wote wenye nambari moja ya simu. Orodha ikapungua, ikapendeza. Nikampigia bosi kule Migori, nikamwambia data imenyooka.

Jameni, mdomo wangu!

Leo saa mbili mama mmoja akaja kuthibitisha oda yake. Ni mikayi, yaani mke wa kwanza, katika boma la wake watatu, na nyumba ya kuku ameijenga kwa mikono yake. Namtafuta, hayupo. Kwa nambari ile yuko mtu mmoja tu, yule mke mdogo kabisa, na oda moja. Kumbe wote watatu hutumia simu ya mzee.

"Mimi ndio niliolewa kwanza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Leo mashine yako imenitoa bomani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Gari la vifaranga lingepakiwa Migori saa sita, kwa kufuata orodha yangu, na asiyekuwemo angengoja miezi miwili. Na je, nilikuwa nimemeza wangapi wengine? Nakala ya faili za zamani nilikuwa nayo, lakini nakala haijui nani ni nani.

Mama Risper anajua.

Huyu ndiye amehudumia kaunta hii miaka yote, na mimi wiki nzima nimekuwa nikimwambia apumzike, kompyuta itafanya. Nilijidai ni heshima. Kilikuwa kiburi. Leo nilimvutia kiti, nikamsihi. Akavaa miwani, tukaanza.

"Hawa ni wawili, mama mkwe na mke wa kijana wake. Tenganisha. Huyu ni mmoja, alipata jina lingine alipobatizwa kanisa la Sabato, wacha hivyo. Hawa ni mapacha, nyathina, mwanangu. Mapacha usiwaunganishe!"

Hakufungua daftari hata mara moja. Mimi nabonyeza, yeye anachambua watu kama mchele, na katikati anachomekea udaku wa kila boma mpaka mbavu zinaniuma. Saa sita kasorobo orodha mpya ikafika Migori. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikaanguka.

Gari limefika saa tisa, vifaranga wanapiga kelele ndani ya maboksi. Wake wale watatu walikuja pamoja, wamebanana chini ya mwavuli mmoja. Mikayi hakugusa boksi lake. Alitaka kwanza nigeuze skrini na nisome majina yao kwa sauti, kwa mpangilio wa kuolewa. Mfumo unapanga kwa alfabeti, lakini nani angethubutu kumwambia? Nikaanza na la kwake. Yule mdogo akapiga kigelegele, na watu wote dukani wakaangua kicheko.

Nimefurahi, wueh! Sikujua kazi ya kukaa mbele ya kompyuta inaweza kumfurahisha mtu hivi.

Bosi amepiga simu akisifu orodha. Nilimwambia ukweli, kwamba ya jana ilikuwa takataka na ya leo ni ya Mama Risper. Akaomba kuongea naye.

Jumatatu nahamia tawi la Rangwe kwa kazi hii hii. Kabla hata sijafungua laptopu, nitauliza ni nani pale anayewajua watu, na nitamvutia kiti.