Chagua Kwanza, Kisha Pitisha

6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umepunguza kuuma. Mimi ni mzima hapa bwenini, na Mama Mdogo alikuja siku ya wageni na sketi mpya aliyonishonea.

Nina habari. Mwalimu wa hesabu ameanzisha mchezo wa kadi kila Ijumaa baada ya masomo. Kadi zina picha za majoka, askari na waganga, na kila moja ina nguvu zake. Wenzangu wengine wana kadi zao tele nyumbani. Mimi sina hata moja, kwa hiyo nilienda kutazama tu. Kumbe Mwalimu ana utaratibu wake. Mnakaa wanane kuizunguka meza, kila mtu na pakiti iliyofungwa. Unafungua, unachagua kadi moja, zilizobaki unampitishia jirani wa kushoto, nawe unapokea za jirani wa kulia. Mnazungusha hivyo mpaka ziishe, kisha unacheza na ulizochagua. Mama, wote tunaanza mikono mitupu! Sijui lini nilifurahi hivyo.

Nilishindwa michezo yote.

Je, mara hii likizo yako itaangukia Juni, tukifunga shule? Mwaka jana ulikuja masomo yakiendelea, tukaonana getini tu, kengele ikalia.

Binti yako.

20 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, mama. Mgongo unanivumilia. Barua yako niliisomea hapa kazini, chumba cha pasi, mvuke umejaa, wenzangu wakadhani nalia. Sikuwabishia.

Hizo kadi si kamari? Kama si kamari, cheza. Ila kushindwa yote, mama, ulikuwa unafanya nini?

Kuhusu likizo, mwishoni mwa Aprili msimamizi wa dobi atatuketisha na kutuuliza mmoja mmoja tunataka mwezi gani. Huwa nasema nitachukua utakaobaki. Wenzangu wana watoto wachanga, na Juni kila mtu anaitaka. Tuombe Mungu.

Mama yako.

10 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mvuke umepungua huko? Mimi sijambo.

Si kamari, Mama. Hakuna dau, na Mwalimu hukusanya kadi zote tukimaliza.

Nilishindwa kwa sababu pakiti yangu ya kwanza ilikuwa na joka la moto, kadi nzuri kuliko zote. Niliona haya kulinyakua wenzangu hawajaliona. Ulinifunza nisiwe wa kwanza kuchukua kinono. Nikachukua kobe, joka nikampitishia jirani wa kushoto, rafiki tunayemwita Miwani, ninayelala naye kitanda cha juu na chini. Tulipocheza, joka lake likamla kobe wangu.

"We, hili ulinipa kwa makusudi?" akauliza.

"Nilikuachia."

Meza nzima ikaangua kicheko. "Siku tukija kwenu kula, sisi tutashiba, wewe utalamba sufuria!"

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Hapa kuchagua si ulafi. Zamu ni yako. Ukimaliza, wengine nao watachagua."

Ijumaa iliyopita nilichukua mganga wa kijani bila kuomba radhi. Kisha kadi za kijani zikawa zinanijia tu, nikajua jirani wa kulia hazitaki. Huo ndio utamu wake: hakuna anayesema neno, lakini unaanza kusikia kila mtu anataka nini. Nikashinda michezo miwili! Miwani akasema, "Haya, leo umekula na sisi."

Mama, msimamizi akikuuliza, naomba usiseme utachukua utakaobaki. Sema Juni. Kama nimekosa adabu, nisamehe.

Binti yako.

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nilitaka kukukasirikia. Mtoto ananifundisha kazi yangu!

Jana tuliketishwa. Juni ilibaki nafasi moja. Msimamizi aliponifikia akasema, "Mama Sawa, wewe kama kawaida?" Ndivyo wanavyoniita hapa. Nikasema, "Hapana. Nataka Juni."

Mwenzangu wa pasi akapiga makofi. "Makubwa! Mama Sawa leo kaamka!" Naye alikuwa akiitaka, mdogo wake anaolewa. Mwanangu, nilitamani kumpa palepale. Mdomo nilishaufungua. Nikaukumbuka ule mlio wa kengele yenu, nikaufunga.

Amenuna bado. Leo asubuhi nimemkunjia shuka zake, hakushukuru.

Juni ni yetu.

Mama yako.

14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nilisoma barua yako foleni ya maji. Miwani akaniona na machozi akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Mama anakuja." Akanikumbatia, ndoo zetu zote mbili zikamwagika, tukarudi mwisho wa foleni.

Mpe pole yule mwenzako. Najua ilikuuma.

Ijumaa nilishindwa vibaya, nilikuwa nachagua bila kutazama. Mwalimu akauliza kulikoni, nikamweleza. Ameniazima pakiti kadhaa za likizo. Nitakufundisha, nawe utachagua kwanza. Ukiniachia nzuri nitakurudishia.

Barua hii usiijibu. Jibu lako litakuta shule imefungwa, nami niko getini na sanduku, nakungoja.

Binti yako.