Mbugani Hakuna Kitu

Jumamosi, mwezi wa kumi. Joto la Kariakoo limetukaba tangu asubuhi, nami sijashona hata kifungo.

Naona aibu. Niiandike hivyo hivyo, maana humu daftarini sina wa kumdanganya.

Miezi mitatu iliyopita gazeti lilichapa shairi langu la kuwasifu wanaohamia vijiji vya ujamaa. Mtaa mzima ukaanza kuniita Malenga, na mimi nikawa naitika hata kabla sijaitwa. Shairi lilihusu kwetu, kwenye mbuga za Dodoma, nilikozaliwa na alikozikwa baba yangu. Ubeti wa mwisho ulikuwa na kina cha "tu". Nilikuwa hapa hapa barazani, nahesabu mizani kwa kukanyaga pedali ya cherehani, nikakwama kwenye mstari mmoja. Halafu ukaja, ukakaa sawasawa:

Mbugani hakuna kitu.

Sikuamini nilichoandika. Nilikuwa natafuta kina.

Leo Mjomba, kaka yake Mama, ameshuka kwenye treni akaja moja kwa moja hapa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa juu ya robota la vitambaa. Chai hakutaka. Akanieleza kwamba Mama alikuwa amegoma kuhama, kwamba haliachi kaburi la mumewe peke yake porini. Ofisa aliyekwenda kuwahamisha hakugombana naye. Alitoa gazeti, akalisoma shairi langu mkutanoni, akamalizia na jina langu. Watu wote wakamgeukia Mama. Kesho yake alifunga mikeka na vyungu vyake, akapanda lori.

"Amenikasirikia?" nikauliza.

"Hajakasirika," Mjomba akasema. "Kaniagiza nikuulize, baba yako aliyelala pale, naye si kitu?"

Nililia mbele ya wateja, mtu mzima mimi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mjomba akaangalia pembeni, akaniacha nimalize.

Kinachoniuma zaidi kimetokea alasiri. Mjomba alipokwenda kupumzika, nilikaa kwenye cherehani bila kitambaa, nikakanyaga pedali tupu. Haikuchukua hata dakika tano:

Mbugani walala watu.

Mizani nane. Kina kile kile. Mstari huu ungeingia pale pale bila kusogeza neno jingine lolote. Uvivu wangu ndio uliomhamisha Mama, na sifa nilizokuwa nazililia.

Nimeuandika upya ubeti wa mwisho kwa mwandiko mkubwa, kwenye karatasi ninayokatia mitindo. Najua hautamrudisha Mama kwenye kaburi lile. Keshokutwa Mjomba anapanda treni ya kurudi, nitampa aubebe. Nimejiuliza una faida gani, na Mama hajui kusoma.

Atasomewa.

Hata ule wa kwanza alisomewa.