Nilidhani ni Turubai

Jumatano. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne. Nimerudi Bugene na matope hadi magotini, nimechoka mwili na roho.

Kazi yangu ni kuchora. Napewa picha zilizopigwa na droni, nami nazungushia mstari kila mahali pasipopitisha maji: paa la bati, lami, ua wa zege. Wahandisi wanatumia ramani hiyo kujua maji ya mvua yatakimbilia wapi na mtaro upite wapi. Huu ni mwezi wa pili. Macho yanauma.

Leo nilikwenda Isingiro, wilayani Kyerwa, kuhakiki nilichokichora.

Kwenye picha, kando ya ghala moja la kahawa, kuna eneo kubwa jeupe. Siku nilipokuwa naichora picha hiyo nilijiambia ni maturubai ya kuanikia kahawa, yataondolewa msimu ukiisha. Sikuuliza mtu. Nikaliruka.

Kumbe ni zege.

Maji yote ya ua ule yanateremkia kwa Bibi Leokadia, mjane anayeishi mteremkoni, chini ya ghala. Migomba yake kadhaa imelala, mizizi nje. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akanieleza kuwa wapimaji walishapita kuweka vigingi vya mtaro, ila ng'ambo ya barabara. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kwake kunaonekana kwenye picha zetu.

Nikamwonyesha kwenye tableti. Akaitambua nyumba, akalitambua jiko, kisha akaweka kidole kwenye mstatili mdogo wa kijivu katikati ya migomba.

"Huyu ni mume wangu."

Kaburi lililosakafiwa. Mimi nilikuwa nimeliandika "zege", basi. Tulikwenda kulitazama. Maji yamekula udongo chini ya pembe moja; mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko.

Nakiri, kwa muda nilifikiri: nikinyamaza, nani atajua? Kisha nikamwambia kosa ni langu, nilidhani ule ua ni turubai, ndiyo maana vigingi vikawekwa ng'ambo.

Alinitazama sana. "Basi karekebishe, mwanangu, kabla mvua nyingine haijaja."

Nilimpigia bosi wangu palepale. Alisema nimemchosha, halafu akasema bahati yetu mtaro haujaanza kuchimbwa. Jioni hii nimetuma ramani mpya. Wahandisi wamekubali kurudi Ijumaa kuhamisha vigingi. Kabla sijaondoka kule, mimi na Bibi tulijaza mawe na udongo chini ya kaburi, yeye akishindilia kwa mguu, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Nilitegemea nitajisikia nafuu. Sijisikii.

Yapo maeneo meupe mengine niliyoyaruka vilevile, Kyerwa na huku Karagwe, na sijui chini ya kila moja anaishi nani. Kesho naanza kuyafuata moja moja, kwa miguu, na nikifika nitauliza.