Ujumbe wa Mbolea Ulikuja kwa Jina Lako

Papa,

Simu yako ninayo mimi. Wiki ya tatu baada ya kukuzika uliingia ujumbe wa nkunganire, ile mbolea ambayo serikali inatulipia sehemu ya bei. Ulikusalimu kwa jina lako lote, ukauliza kama utalima mahindi tena kwenye shamba la Nkanka. Bonyeza moja kukubali.

Nilibonyeza moja.

Usinikasirikie kwanza. Shamba limeandikwa kwa jina lako. Nikisema umekufa, linatolewa kwenye orodha ya mbolea mpaka karatasi za urithi zikamilike, na mvua ilikuwa imekaribia. Maman na mimi tunakula kutoka shamba lile. Cherehani yangu ya mjini Kamembe inalipa chumba tu, unajua. Basi sikuandikisha kifo chako. Lakini haikuwa mbolea peke yake, Papa. Palikuwa bado na mahali pamoja ambapo unaulizwa utalima nini, na mimi nilitaka uendelee kuulizwa.

Muuza mbolea aliponipa mfuko aliuliza, "Mzee iko aje?" Nikasema unapumzika. Nikapanda ulivyonifundisha, mbolea kifuniko kimoja cha Fanta kwa kila shimo, udongo kidogo, ndipo mbegu. Ulikuwa unatufokea tukimwaga kwa mkono: "Batoto, hii haiko chumvi ya mboga!" Nililia mistari miwili ya kwanza, halafu nikachoka kulia, nikapima tu.

Mahindi yakatoka mazuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Agoronome mpya wa sekta, bwana shamba kijana asiyekujua, alipita akikagua mashamba akaipenda mistari yetu. Akaja mpaka nyumbani na orodha yake, akiomba Mzee atoke, maana alitaka uwafundishe majirani. Nilisimama mlangoni nikamwambia umelala, una homa. Akakutakia kupona, akasema atarudi Jumatatu.

Maman alikuwa ndani, kwenye mkeka, na nguo zake za eda. Alisikia yote. Hakugomba. Alingoja kijana aende, kisha akasema polepole: "Mwanangu, kama Papa yako iko na homa, mimi niko mu eda ya nani?"

Miezi miwili na zaidi hajatoka nje ya ua kwa heshima yako, na mimi nakufufua kila ninapohitaji kitu. Niliona haya, Papa. Hata sasa naandika nikiona haya.

Sikungoja Jumatatu. Kesho yake nilienda ofisini na kitambulisho chako, nikamkuta kijana yule. Njiani nilikuwa nimepanga maelezo marefu. Yakatoka maneno mawili: Papa alikufa. Ndiyo mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wangu. Msibani waliyasema wengine. Alinipa pole, akafuta jina lako mbele yangu. Akaniambia mbolea ya pili, ile ya kukuzia, haitatoka, na kwamba nirudi na Maman eda ikiisha ili tuanze karatasi.

Sasa mahindi yamefika magotini na majani yameanza kuwa ya manjano. Ninayawekea samadi ya mbuzi. Mavuno yatapungua, sitakudanganya na wewe pia. Simu imenyamaza. Mara nyingine naiwasha, natazama, naizima.

Mungu akulaze pema, Papa yangu. Ulilima vya kutosha. Nakuahidi sitakuita tena kazini. Eda ikiisha nitamshika Maman mkono, twende wote ofisini, na nitakaa kando yake anapoweka kidole kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba yeye ni mjane wako.

Binti yako,
Aziza