Brashi Isiyotoka kwa Mnyama

Baba Zaituni,

Nakuandikia kwa mwandiko uleule wa kisomo cha watu wazima uliokuwa ukiucheka, ukisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliolowa. Cheka tu. Leo nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu aliye hai, hata mama yangu mzazi, kwa hiyo nakuambia wewe uliyezikwa huko Uganda, mahali ambapo sijui hata udongo wake una rangi gani.

Nimemshika baba yako usoni.

Usishtuke. Au shtuka, maana mimi mwenyewe bado sijatulia.

Unajua heshima iliyopo kati yangu na Baba mkwe. Tangu uliponileta hapa Nyarubungo sijawahi kumpa kitu mkononi. Chakula naweka kwenye kigoda, napiga goti, naondoka, ndipo anakula. Naye hajawahi kunisemesha. Akitaka maji anamwambia mbuzi aliyefungwa pale kwenye mpapai: "Mbuzi wewe, huku kuna mtu ana kiu." Nami namjibu mbuzi: "Mwambie Baba yanakuja." Ulikuwa unatucheka mpaka unashika mbavu. Ulisema siku mbuzi akikosekana, sisi wawili tutakuwa mabubu.

Ulipoitwa pamoja na mgambo wenzako kwenda vitani ulibeba na ile brashi yako ya kunyolea. Taarifa ilirudi, brashi haikurudi. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeleta habari, amesimama uani ameshika kofia. Tangu siku ile mzee hakunyoa. Nilidhani ni matanga tu, arobaini ikipita yataisha. Arobaini ikapita, na siku moja akachukua wembe mwenyewe. Unaijua mikono yake inavyotetemeka, si ndiyo maana kila Ijumaa ulikuwa ukimnyoa wewe? Alitoka na damu mpaka kwenye kanzu. Ijumaa hiyo hakwenda msikitini, na iliyofuata hakwenda. Balozi akataka kumpeleka kwa kinyozi mjini Biharamulo, akakataa. Hataki watu wa sokoni wamwone anavyotikisika. Akawa anashinda ndani, chakula anarudisha nusu. Mtu ambaye kijiji kizima hakikuwahi kumwona na ndevu, Baba Zaituni, alijifungia kwa sababu ya ndevu. Niliogopa nitamzika na yeye.

Jioni moja akamwambia mbuzi kwa sauti ndogo: "Aliyekuwa akininyoa wamemzika mbali."

Nikajua nimeambiwa mimi. Nikaona aibu kwamba nimeelewa.

Nikajiambia, nikipata brashi yenye mpini mrefu, brashi ndiyo itakayomgusa, si mimi. Nikamfunga Zaituni mgongoni, nikapanda lori la pamba hadi mjini. Dukani wanaume walikuwa kwenye foleni ya sabuni, maana tangu vita sabuni ni ya kuotea. Na mimi mjane, na kitambaa changu cha msiba kichwani, nauliza brashi ya kunyolea ndevu! Mmoja akaniuliza kama zimeniota. Wakacheka wote. Nikainama nikajifanya namfunga mtoto vizuri.

Muuza duka akaweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya nywele, laini, inafanana na ile yako. Nikauliza nywele za mnyama gani. Akasema, "Dada, mimi nauza, sifugi. Labda farasi, labda nguruwe." Nikaiachia kama kaa la moto. Nguruwe kwenye uso wa mtu anayekwenda kuswali! Halafu nikakumbuka kwamba ile yako tuliitumia miaka yote bila kuuliza. Mungu atusamehe. Mzee sitamwambia.

Ya pili ilikuwa nyeupe, inang'aa, nywele zote sawasawa. Akasema hiyo ni nailoni, inatoka kiwandani, hakuna mnyama humo. Sasa mimi nailoni naijua moja tu: lile gagulo ulilonipa wakati wa harusi yetu. Nimesimama pale, foleni nzima inanitazama, nawaza kwamba nitampaka Baba mkwe povu kwa kitu kilekile ninachovaa chini ya gauni. Uso uliniwaka. Lakini wewe ungechagua nini, kati ya nguruwe na gagulo? Nikachukua ya nailoni.

Nyumbani nikaiweka kwenye kigoda. Mzee akaigeuzageuza, akamuuliza mbuzi: "Nywele hizi za mnyama gani?" Nikamjibu mbuzi kwamba hazitoki kwa mnyama. Akauliza, basi ni za nini? Nikakimbilia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Leo Ijumaa asubuhi alitoka mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake juani, akafumba macho. Nadhani alifumba kunisitiri. Nikaleta maji ya moto, wembe na kipande cha sabuni ya kufulia. Nailoni hainywi maji kama ile yako. Mara ya kwanza povu lilimtiririkia shingoni mpaka nikajua kuikung'uta kwanza. Baada ya hapo ilikwenda vizuri na vidole vyangu havikumgusa hata kidogo. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilisahau kwamba wembe hauendi bila kuvuta ngozi.

Nikaweka vidole viwili shavuni kwake. Nikanyoa shavu la kwanza, la pili, nikashuka kidevuni. Na pale chini ya povu nikakuta kile kishimo chako. Miaka yote sikuwahi kumtazama usoni, sikujua kwamba ulikitoa kwake. Kidole changu kikaingia mle kama kilivyozoea, kikatulia. Wembe ulikuwa mkono wa pili, haufanyi kazi yoyote.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Kumgusa mkwe nina sababu, hata shangazi zako watanielewa. Lakini sikutaka kutoa mkono, Baba Zaituni. Nililia nimemshika baba wa watu kidevu.

Alijua. Hakufumbua macho. Akasema polepole, "Mwanangu, hapo bado."

Nikamalizia. Nikamfuta. Amevaa kanzu, amekwenda msikitini kwa miguu yake, na mimi nimebaki na karatasi hii na brashi inakauka dirishani.

Nakuaga sasa, mume wangu, kabla hajarudi. Nakuahidi kila Ijumaa nitamnyoa, na mkono nitauonya. Mkono ukisahau tena, unisamehe wewe, maana mwingine siwezi kumwomba.

Ila ulikosea kusema kwamba bila mbuzi tutakuwa mabubu. Leo alikuwa bondeni, nilimpeleka malishoni tangu alfajiri.

Mama Zaituni